Aliinyanyua Land Rover ya Babu Apate Laiki, Usukani Ukamgeuka Njia ya Pangani

Picha ile ilizunguka Tanga nzima. Land Rover 109 ya kijani, imenyanyuliwa juu, matairi mapana kama ya trekta, imeegeshwa Raskazone jua linazama. Kijana kaegemea bampa, miwani nyeusi, mikono mfukoni. Chini kaandika maneno matatu tu: "Chuma cha Babu." Komenti zikamiminika. Alama za moto, makopakopa, "bro tuuzie", "unaikodisha harusini?"

Kitu ambacho picha haikuonyesha ni kwamba dakika kumi kabla haijapigwa, jamaa huyo huyo alikuwa kaung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, shati limelowa jasho, anapambana gari isimtie mtaroni karibu na Bombo. Alipofika akajifuta uso, akavaa miwani, akatabasamu. Camera haina habari na mambo ya stelingi.

Chuma chenyewe kilikuwa na historia. Babu yake alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge, na shamba lilipoanza kuuza magari yake yaliyochoka, mzee akajichanga akachukua moja. Ni Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Ile 109 wanayoitaja watu ni inchi, umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Gari hiyo ndiyo iliyobeba wagonjwa wa kijiji kizima kuwapeleka hospitali usiku wa manane. Ikabeba machungwa ya Muheza, ikabeba maharusi, ikabeba na majeneza. Mama wa huyu kijana mwenyewe aliolewa ndani yake.

Babu alipofariki, gari ikabaki chini ya mwembe miaka mingi. Kuku wakataga kwenye siti. Wajomba wakaitisha kikao, wakasema iuzwe chuma chakavu, kila mtu achukue chake. Aliyekataa ni mama. Alisema neno moja, "Haiuzwi," akanyanyuka akaenda jikoni. Ndiyo kijana, ambaye mjini anauza simu na kupiga video za harusi, akapewa: kama unaiweza, ichukue.

Aliiweza. Akaiwasha, akaipiga rangi, ikatembea vizuri tu, polepole kama zilivyo zote za aina yake. Shida ilianza Oktoba 2024, Arusha ilipofanya lile tamasha kubwa la Land Rover. Hakuwa na nauli wala siku za kwenda, akalitazama lote kwenye simu. Video baada ya video, msururu hauishi. Na zilizomshika roho ni zile ndefu, zilizonyanyuliwa mpaka mtu anapanda kwa kujivuta. Akachungulia ya kwake dirishani. Akaiona fupi ghafla.

Wiki mbili baadaye akampata fundi wa kuinyanyua. Kazi ikafanyika siku mbili: inchi 4 juu. Zile shakeli, vyuma viwili viwili vinavyoishika springi kwa nyuma, zikatolewa zikachomelewa ndefu. Kila springi ikaongezwa jani moja. Yakaja matairi mapana na rimu zinazotokeza nje. Alipojaribu kuendesha, propela shafti ya mbele ikawa inanguruma chini. Fundi akaingiza kabari za chuma kati ya ekseli na springi, mngurumo ukakata. "Imeisha hiyo, bosi." Jioni ile ile picha ikapigwa Raskazone.

Dalili ya kwanza aliiona akaicheka. Gari inakwenda moja kwa moja lakini usukani umekaa upande, kama kofia ya mlevi. Akasema ndiyo mambo ya magari ya zamani.

Dalili ya pili haikumchekesha. Gari ikaanza kutangatanga. Barabara imenyooka, yeye kanyoosha mikono, chuma kinajiendea kushoto, anarudisha, kinajiendea kulia. Akikata kona, usukani haurudi wenyewe, mpaka aurudishe kwa nguvu. Ya tatu ndiyo ilikuwa balaa: akifika spidi 60 akikanyaga kishimo, magurudumu ya mbele yanaanza kutetemeka kushoto kulia, dashibodi inalia, meno yanagongana, na hakuna cha kufanya ila kupunguza mwendo mpaka itulie.

Hapo akaanza safari ambayo kila mwenye gari ya zamani anaijua. Akaenda kufanya alaimenti, akalipa. Ikatulia siku tatu. Akaenda kubalansi matairi, akalipa. Hakuna tofauti. Mtu akamwambia afunge shokapu ya stelingi, ile ya kulala, inayoziba mtetemo. Akalipa tena. Kweli mtetemo ukapungua, akaposti video akiendesha kwa mkono mmoja, mziki juu. Ugonjwa ulikuwa palepale. Shokapu ilikuwa imeuziba mdomo tu.

Halafu ikaja Jumapili ile.

Mama alikuwa anakwenda Kigombe kumtazama dada yake anayeumwa. Kijana akasema mama usipande daladala, nakupeleka na gari ya baba yako. Mama akafurahi, akavaa kanga mpya, akakaa mbele na mkoba wake mapajani. Wakatoka mjini vizuri, wakashika barabara ya Pangani. Walipoipita Tongoni, barabara nyeupe, upepo wa bahari unaingia, kijana akasahau, akakanyaga mafuta kidogo. Gurudumu la kushoto likashuka kwenye kishimo pembeni ya lami.

Yeye hakugusa usukani. Gari ilijikata yenyewe kulia, moja kwa moja upande wa pili. Mbele yao palikuwa na mtoto wa shule kwenye baiskeli, kapakia ndoo ya samaki nyuma. Kijana akavuta usukani kushoto kwa uzito wake wote, magurudumu yakaanza kutetemeka, gari ikayumba mara mbili, ikasimama nusu porini, nusu barabarani. Mtoto aliruka baiskeli akaanguka kwenye mchanga. Alikuwa mzima. Samaki walimwagika wote.

Kijana alishuka miguu haina nguvu. Akamnyanyua mtoto, akampukuta mchanga, akaokota samaki mmoja mmoja, akamlipa na hela ya juu. Aliporudi kwenye gari, mama alikuwa ameshashuka. Hakupiga kelele, hakulia. Aliufunga mlango taratibu, akaweka mkoba begani, akasimamisha daladala. Kabla hajapanda akamwambia, "Baba alinibeba kwenye gari hii miaka ishirini. Sikuwahi kushika hata dirisha."

Daladala ikaondoka.

Kijana alirudi mjini kwa spidi 20, taa za hatari zinawaka njia nzima. Usiku huo hakuposti kitu.

Kesho yake akaulizia mafundi wa zamani, akaelekezwa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kwa mzee mmoja mwenye gereji isiyo hata na kibao. Ukuta wa bati, mkungu mmoja mkubwa, benchi, kahawa. Mzee aliitazama Land Rover kwa muda, akaizunguka, akainama akasoma kitu kwenye chasisi.

"Hii si ya mzee wa Muheza, nyapara?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, mimi mjukuu wake."

"Marahaba. Nani kaivalisha viatu vya mchuchumio?"

Vijana wa gereji wakacheka. Kijana naye akacheka, ila kwa aibu.

Mzee hakutaka kuiendesha. Alimwambia akae ndani, injini imezimwa, autikise usukani kushoto kulia, kidogo kidogo bila kuacha. Yeye akatandika gunia akalala chini. Kipimo chake ni hicho tu: mmoja anatikisa juu, mwingine anaangalia chini nini kinacheza kabla magurudumu hayajasogea. Baada ya dakika chache akamwita, wakabadilishana. Sasa kijana ndiye aliyekuwa chini, na kwa mara ya kwanza akaiona gari yake upande ambao hajawahi kuupiga picha.

Stelingi ya Series III ina fimbo tatu, na kila fimbo ina tairodi endi mbili. Jumla sita. Katikati yake kuna rilei, kichupa cha chuma kilichopachikwa kwenye boriti ya mbele ya chasisi, kinachopokea nguvu kutoka kwa dereva na kuipeleka kwenye magurudumu. Kati ya zile sita, nne zilikuwa zinacheza kama meno ya mtoto. Rilei nayo ilikuwa na mchezo juu na chini. Hayo yalikuwa ya uzee na chumvi ya bahari, yangekuja tu hata gari isingenyanyuliwa.

Yaliyobaki yalikuwa ya kujitakia.

Mzee akamwonyesha fimbo inayotoka kwenye rilei kwenda gurudumu. Kawaida inalala, karibu iwe sambamba na ardhi. Gurudumu likipanda na kushuka, fimbo haisukumi chochote cha maana. Lakini rilei imefungwa kwenye chasisi, na chasisi imepanda inchi 4, wakati ekseli imebaki chini. Sasa fimbo imeshuka kama ngazi. Gurudumu likiingia shimoni, fimbo lazima ivute au isukume upande. "Yaani shimo ndilo linalokata kona, mwanangu. Wewe umekaa tu juu, abiria." Na ndiyo sababu usukani ulikaa upande tangu siku ya kwanza. Gari ilikuwa inasema mapema.

La pili lilikuwa zile kabari. Mzee alichukua baiskeli iliyokuwa imeegemea mkungu akamwonyesha uma wa mbele. Juu umelala nyuma kidogo, chini umetangulia. Mlalo huo ni sehemu ya kinachofanya tairi litake kwenda mbele lenyewe, mtu akaweza hata kuachia mikono. Land Rover nayo ina mlalo huo kwenye kingipini zake, nyuzi 3 tangu kiwandani. Shakeli ndefu zilikuwa zimeiinamisha pua ya difu, propela ikanung'unika. Fundi wa kwanza, badala ya kujiuliza kwa nini inanung'unika, akaweka kabari nene kupita kiasi kuinyanyua pua. Propela ikanyamaza, kingipini zikasimama wima. Gari ikapoteza hamu ya kwenda mbele.

Kijana akatoa simu, akafungua programu ya kupimia mlalo, akaigandisha kwenye chuma pale mzee alipomwelekeza. Haikufika hata nyuzi 1. Akabaki ameitazama. Simu ile ile iliyompa laiki elfu na kitu ndiyo ilikuwa inamsomea hukumu.

La tatu, rimu za kutokeza nje. Tairi likikaa mbali na kingipini, kila kishimo kinapata mkono mrefu wa kutingisha stelingi. Weka hayo matatu pamoja na tairodi endi nne zilizokufa, mtetemo wa spidi 60 hauna maajabu.

"Sasa mzee, unaweza kuitengeneza ikabaki na urefu huu?"

"Ipo njia. Fimbo zihamishwe, mikono ya stelingi ibadilishwe, propela ibadilishwe. Hela unayo?"

Kimya.

"Basi ishuke. Land Rover ilishazaliwa imenyanyuka. Wewe umenyanyua picha."

Hapo ndipo penye mtihani wenyewe. Jumamosi inayofuata alikuwa na oda. Bibi harusi mmoja wa Chumbageni aliiona ile picha ya Raskazone akataka kuingia ukumbini na chuma kile kile, kirefu vile vile. Advansi ilikuwa imeshaingia, na nusu yake imeshaliwa na shokapu ya stelingi. Akiishusha, oda inakufa. Asipoishusha, anampakia mtoto wa watu kwenye gari ambayo mama yake mwenyewe ameikimbia.

Alikaa kwenye lile benchi mpaka kahawa ikapoa. Washkaji aliowapigia simu walimwambia, oya, ni harusi ya mjini, spidi 20 tu, nani atajua? Na kweli, hakuna ambaye angejua. Kisha akakumbuka ndoo ya samaki.

Akampigia bibi harusi, akamweleza ukweli: stelingi mbovu, siwezi kukupakia. Alirushiwa maneno ya Kitanga, matamu kwa sauti, makali kwa maana. Akaazima hela kwa dada yake, akarudisha advansi yote.

Kazi ilichukua siku tisa, na mzee alimlazimisha aishike kwa mikono yake. Shakeli ndefu zikang'olewa, zikarudi za kawaida. Kabari zikatupwa. Lile jani la ziada mzee aliliacha, kwa hiyo gari ikabaki juu kidogo kuliko ilivyozaliwa, kama inchi moja na nusu, kiasi ambacho fimbo inakivumilia. Rimu za kawaida zikarudi na matairi membamba ya 7.50-16, yale yale ya enzi za babu.

Rilei ndiyo iliyowatoa jasho. Kutu la miaka lilikuwa limeishika kwenye boriti, wakaimwagia mafuta, wakaigonga siku mbili mpaka ikakubali. Kabla ya kuifungua mzee aliwafukuza watu wote, akaifunga kwenye gunia na kamba, mdomo ukiangalia ukuta. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu za ajabu, ukiifungua kijinga inatoka kama risasi. Mzee alisema kuna mwenzao aliyeacha meno mawili hapo. Hakuna aliyetaka kujua zaidi.

Tairodi endi zikabadilishwa zote sita, si nne. Kingipini nazo zikapimwa kwa mizani ya kuning'iniza iliyoazimwa Deep Sea kwa wauza samaki: unafungua fimbo, unauvuta mkono wa gurudumu kwa mizani, unasoma ni kilo ngapi zinahitajika kuuzungusha. Ikiwa rahisi mno, magurudumu yatatetemeka, kwa hiyo unapunguza vile vipande vyembamba vya bati vilivyo juu ya kingipini mpaka ibane inavyotakiwa. Mwisho kabisa ndiyo ikaja alaimenti, milimita 2 hivi kuingia ndani kwa mbele. Mzee akasema hapo ndipo mahali pake. Kuifanya kabla ya yote yale ni kumnyoosha nywele mtu mwenye homa.

Usukani ukakaa katikati. Ile shokapu ya stelingi ilitolewa gari ikajaribiwa bila yenyewe, mpaka spidi 70 barabara ya kwenda Pongwe. Hakuna kutetemeka. Baada ya kona, usukani ulirudi wenyewe mikononi mwake. Anasema karibu alie.

Akaposti. Safari hii si picha ya machweo. Aliweka tairodi endi nne zilizokufa, kabari mbili na zile shakeli ndefu, zimepangwa kwenye gunia, na akaandika kisa chote, pamoja na mtoto wa baiskeli. Laiki hazikufika hata robo ya zile za Raskazone. Wengine walimcheka: "kaishusha, kaishiwa." Lakini inboksi ilijaa. Mmoja wa Korogwe, mwingine wa Mombasa, wote swali moja: hata yangu usukani umekaa upande tangu niinyanyue, ni kawaida?

Si kawaida, aliwajibu wote. Lala chini uangalie.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mama. Hakumwomba apande. Aliegesha nje, akaingia, akala, akasema anakwenda Kigombe kumwona mama mkubwa, kama kuna cha kumpelekea. Mama alitoka mpaka barazani. Akaitazama gari. Akaona matairi membamba. Akarudi ndani, akatoka na mkoba.

Mpaka Tongoni alikuwa ameushika mpini wa dashibodi. Walipopita pale penye kishimo hakuna aliyesema neno. Gurudumu likashuka, likapanda, gari ikaendelea na safari yake. Kijana alipogeuka kumwambia kitu, kabla hata hawajafika Kigombe, mama alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mlango, mkoba umedondoka miguuni.

Ile picha ya Raskazone bado ipo, hajaifuta. Watu bado wanaulizia ile ndefu inakodishwa shilingi ngapi.

Swali kwenu wadau: ungekuwa wewe, oda ya harusi mkononi na advansi umeshaila, ungeishusha au ungepiga moja ya mwisho kwa spidi 20?